Maji Maangavu Yanayoua: Tangi Dogo Lenye Samaki Wengi na Namna ya Kulitibu

Katika tangi dogo lililojaa samaki, sumu ya kwanza hutoka kwa samaki wenyewe. Samaki anapokula protini, naitrojeni isiyojenga mwili wake hutoka zaidi kupitia matamvua, ikiwa amonia, na hutoka usiku na mchana. Kinyesi kinachotua chini, chakula kilichobaki na majani yanayooza huongeza amonia nyingine. Ziwani au mtoni amonia hiyo hupotelea katika maji mengi na kuchukuliwa na mimea na vijidudu. Ndani ya vioo haina pa kwenda. Tena haionekani. Haina rangi, na kwa kiwango kinachotosha kuunguza matamvua haina hata harufu, kwa hiyo maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na yakawa yanaua. Mwenye tangi huhukumu kwa macho, akaona kioo kisafi na changarawe inayong'aa, kisha akashangaa kukuta samaki wanaelea asubuhi.

Ukubwa wa tatizo huonekana kwa hesabu. Tangi la kawaida la sebuleni lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 lina ujazo wa lita 54. Likitiwa changarawe ya sentimita nne na kuachiwa nafasi ya sentimita tatu juu, maji yanayobaki ni kama lita 45, yaani ndoo mbili za lita 20 na kidogo. Samaki wa humo wakipewa gramu moja tu ya chakula kwa siku, kiasi cha kuchota kwa vidole mara chache, na chakula hicho kikiwa na protini asilimia 40, wameingiziwa miligramu 64 za naitrojeni. Nusu yake ikitoka kama amonia, na mara nyingi hutoka zaidi ya nusu, kila lita ya maji hupokea miligramu 0.7 za naitrojeni ya amonia kila siku. Zikipita siku tatu bila kitu cha kuiondoa, kiwango huvuka miligramu 2 kwa lita. Kwa tangi lenye maji mara kumi ya hayo, chakula kile kile kingehitaji mwezi mzima kufikisha kiwango hicho.

Mkemia Robert Warington wa London aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1849 alichukua chombo cha galoni 12, ambazo ni karibu lita zile zile 54, akatia ndani yake samaki wa dhahabu wawili wadogo pamoja na mmea wa Vallisneria, kisha akaongeza konokono wa kula majani yaliyooza. Chombo hicho kilidumu. Chombo cha ujazo huo leo, sebuleni, mara nyingi hubeba samaki wa dhahabu wanne au watano, gapi wasiohesabika, na samaki mmoja mkubwa anayelamba vioo.

Kinachoyaokoa matangi yaliyojaa hivyo, kwa muda fulani, ni bakteria. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky alionyesha kwamba kazi ya kugeuza amonia hufanywa kwa hatua mbili: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Kwa miongo mingi vitabu vya ufugaji vilitaja Nitrosomonas kwa hatua ya kwanza na Nitrobacter kwa ya pili. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi wanaoimaliza nitriti ni Nitrospira zaidi kuliko Nitrobacter. Mwaka 2005 kiumbe kingine kinachoishi kwa amonia, Nitrosopumilus maritimus, ambacho si bakteria bali ni arkea, kilitengwa kutoka kwenye tangi la maji ya bahari la Seattle Aquarium nchini Marekani. Mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Majina yamebadilika, lakini tabia zinazomhusu mfugaji zimebaki. Viumbe hivi hushikamana na sehemu ngumu, kwenye sponji, changarawe na vioo, wala haviogelei kwa wingi ndani ya maji. Vinahitaji oksijeni. Na huzaliana polepole mno vikilinganishwa na bakteria wa kuozesha: tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuwa na kundi linalotosha.

Kazi ya bakteria hao ina gharama mbili ambazo wafugaji wengi hawazihesabu. Gharama ya kwanza ni oksijeni. Kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa kuwa nitrati hula takriban gramu 4.5 za oksijeni. Katika tangi la mfano, miligramu 32 za naitrojeni kwa siku hudai kama miligramu 145 za oksijeni, ilhali lita 45 za maji yenye joto la nyuzi 28, hata zikiwa zimeshiba hewa, hubeba miligramu 350 tu. Hapo samaki wenyewe bado hawajavuta yao. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi: yenye nyuzi 25 hushika miligramu 8.3 kwa lita, yenye nyuzi 30 hushika 7.6. Kwa hiyo mwezi wa Januari au Februari huko Dar es Salaam au Mombasa, tangi lililovumilia msimu wa baridi linaweza kushindwa bila samaki hata mmoja kuongezwa. Nyanda za juu zina kasoro yake. Nairobi ina maji ya baridi zaidi, lakini katika mwinuko wa karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani katika joto lile lile.

Gharama ya pili ni ile inayoleta maafa makubwa. Bakteria wanapoigeuza amonia hutoa asidi, na asidi hiyo hufyonzwa na bikaboneti iliyomo ndani ya maji. Kila miligramu moja ya naitrojeni hutumia akiba ya bikaboneti inayolingana na miligramu 7 za chokaa. Katika tangi la mfano hii ni kama miligramu 5 kwa kila lita kila siku. Maji ya visima vya pwani, yanayopita katika miamba ya matumbawe, yana akiba kubwa na hustahimili. Maji laini ya mito ya milimani yenye miligramu 40 kwa lita huishiwa akiba kwa siku nane ikiwa hayabadilishwi. Maji ya mvua yana akiba ndogo kabisa, na yakikingwa kwenye paa la mabati huweza kubeba pia zinki, ambayo ni sumu kwa samaki. Akiba ikiisha, pH huporomoka kutoka 7 hadi 6 au chini zaidi, na bakteria hupunguza kazi kisha huacha.

Hapo hutokea jambo linalowadanganya watu. Amonia iliyomo majini ina sura mbili: amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na kuua, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Mgawanyo wake hutegemea pH na joto. Katika nyuzi 28, maji yenye pH 6 yana asilimia 0.07 tu katika sura ya sumu. Yenye pH 7 yana asilimia 0.7, yenye pH 8 yana asilimia 6.5, na yenye pH 9 yana asilimia 41. Tangi la zamani ambalo maji yake yamegeuka asidi linaweza basi kuwa na miligramu 2 au 5 za amonia kwa lita, samaki wakaendelea kuogelea, wamefifia rangi lakini hai. Siku mgeni anapotarajiwa, mwenye nyumba huamua kulisafisha. Humwaga sehemu kubwa ya maji, hujaza maji ya bomba yenye pH 8, na amonia iliyobaki kwenye changarawe na ndani ya maji yaliyosalia hugeuka sumu kwa dakika chache. Miligramu 2 kwa lita, ambazo katika pH 6 zilikuwa na miligramu 0.0014 za sumu, katika pH 8 huwa na 0.13, na matamvua huanza kuharibika hata kwenye 0.05. Samaki hufa jioni hiyo hiyo, na lawama huenda kwenye maji ya bomba. Hali hii ndiyo inayostahili kueleweka kuliko nyingine zote katika ufugaji wa sebuleni, kwa sababu bidii ya mfugaji ndiyo inayoua.

Msongamano wenyewe huingia kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kununua kwa urefu. Kanuni inayorudiwa madukani ni sentimita moja ya samaki kwa kila lita mbili za maji, na kwa samaki wadogo wembamba haina ubaya mkubwa. Lakini uzito haukui kama urefu. Samaki wa sentimita 10 ana urefu mara nne wa samaki wa sentimita 2.5 mwenye umbo sawa naye, na uzito mara 64. Taka zake hazifiki mara 64, ila hupita mara 20. Samaki wa dhahabu, Carassius auratus, huuzwa akiwa na ukubwa wa kidole, na akipata nafasi hupita sentimita 20. Hafai kabisa kwa tangi la lita 45, sembuse bakuli la mviringo la mezani, na ni huzuni kwamba bado anauzwa pamoja nalo. Njia ya pili ni kuzaliana. Gapi jike huzaa karibu kila wiki nne, na huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo jike mmoja aliyeletwa peke yake hujaza tangi. Njia ya tatu ni imani kwamba samaki anayelamba vioo hupunguza uchafu. Yeye hula mwani, kisha huutoa ukiwa kinyesi kingi, na aina nyingi zinazouzwa hupita sentimita 30. Hakuna samaki anayepunguza naitrojeni tangini.

Dalili za samaki hutofautiana kulingana na kinachowasumbua. Samaki wote wakija juu kuhema alfajiri na kutulia mchana, tatizo ni oksijeni, hasa palipo na mimea mingi, kwa kuwa usiku mimea nayo huvuta oksijeni. Matamvua mekundu yaliyovimba, mapezi yaliyobanwa mwilini na samaki kujisugua kwenye mawe huelekeza kwenye amonia. Matamvua ya rangi ya kahawia na samaki kuhema ijapokuwa pampu ya hewa inafanya kazi huelekeza kwenye nitriti, ambayo huingia katika damu na kuigeuza himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Maji meupe kama yaliyotiwa maziwa ni wingi wa bakteria wa kuozesha, kwa kawaida baada ya kulisha kupita kiasi au baada ya chujio kuoshwa mno. Maji ya kijani ni mwani, nao huonyesha nitrati, fosfeti na mwanga mwingi. Hata hivyo dalili hizi huingiliana, na magonjwa ya vimelea huzitoa pia. Kabla ya kununua dawa yoyote maji yapimwe. Vipimo vya matone ni sahihi kuliko vya karatasi, na vinavyohitajika ni vinne: amonia, nitriti, nitrati na pH. Kipimo cha kawaida cha amonia huonyesha jumla ya sura zote mbili, kwa hiyo namba yake haina maana bila pH pembeni yake.

Tiba ya dharura hutegemea namba hizo, na hapa ndipo haraka isiyo na kipimo hudhuru. Ikiwa pH iko juu ya 7 na amonia ikifika miligramu 1 au zaidi, nusu ya maji hubadilishwa siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo na klorini yenye pH iliyo karibu na ya tangi, na robo hadi nusu hubadilishwa tena kila siku hadi kipimo kishuke karibu na sifuri. Chakula husimamishwa kwa siku mbili au tatu. Samaki mzima hadhuriki kwa mfungo huo, na kila gramu isiyoingia ni amonia isiyotengenezwa.

Ikiwa pH iko chini ya 6.5 na amonia ikiwa nyingi, utaratibu hugeuka. Hubadilishwa asilimia 10 hadi 15 tu kwa mara moja, asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa, ili amonia itangulie kupungua kabla pH haijapanda. Palipo na dawa ya dukani ya kuifunga amonia, hutiwa kwanza; baada yake kipimo bado kinaweza kuonyesha amonia ingawa imefungwa, na hilo lisimtishe mfugaji akaongeza dozi. Akiba ya bikaboneti hurudishwa polepole. Gramu moja ya soda ya kuokea katika lita 45 huongeza kama miligramu 13 kwa lita, na inatosha kwa siku. Magadi yanayotumika kulainishia maharage hayafai badala yake, kwa kuwa yana kaboneti na hupandisha pH kwa ghafla. Kwa muda mrefu, maganda ya chaza yaliyooshwa vizuri na kuwekwa ndani ya chujio huyeyuka kadiri maji yanavyoelekea asidi, na hiyo ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Nitriti ina dawa yake nyepesi. Kloridi ya chumvi hushindana nayo katika kuingia kwenye matamvua, kwa hiyo gramu moja ya chumvi kwa lita 10 za maji, ambayo huleta kama miligramu 60 za kloridi kwa lita, huwakinga samaki wengi wakati maji yanaendelea kubadilishwa. Kwa tangi la lita 45 ni gramu nne na nusu, chini ya kijiko cha chai. Chumvi huyeyushwa kando kwanza, na haiongezwi tena isipokuwa kwa kiasi cha maji mapya, kwa sababu haivukizwi pamoja na maji.

Maji ya kubadilishia yanahitaji uangalifu wake. Klorini ya bomba huunguza matamvua na huua bakteria wa chujio. Maji yaliyolala siku nzima katika ndoo wazi, au saa chache yakipuliziwa hewa, hupoteza klorini. Pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, kulaza hakutoshi, na dawa ya sodiamu thiosulfeti huhitajika. Nyumba nyingi za mijini huhifadhi maji katika tangi la plastiki juu ya paa, na hilo lina faida ya kupunguza klorini, lakini maji yake saa nane mchana huwa ya moto. Yachotwe asubuhi, au yaachwe ndani ya nyumba hadi joto lake litofautiane na la tangi la samaki kwa nyuzi mbili tu.

Usafishaji ndio mahali pa kosa la pili kwa ukubwa. Uchafu wa changarawe hufyonzwa kwa mpira mpana, theluthi moja ya sakafu kwa wiki. Changarawe nene isiyoguswa kwa miezi, iliyogeuka nyeusi chini, inaweza kuwa na salfaidi ya haidrojeni yenye harufu ya yai bovu. Hiyo isikorogwe samaki wakiwa ndani, bali itolewe kipande kwa kipande. Sponji ya chujio huminywa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, mpaka maji yapite vizuri, basi. Kuiosha bombani kwa sabuni au kuibadilisha yote kwa mpya ni kuanza tangi upya huku samaki wakiwa ndani. Chujio likiwa na sponji mbili, huoshwa kwa zamu, wiki mbili mbali. Bakteria wakiwa wameshapotea, msaada wa hakika kuliko chupa za bakteria za dukani ni kipande cha sponji iliyotumika kutoka tangi la jirani ambalo samaki wake ni wazima. Hubeba bakteria hai, ingawa tangi lenye ugonjwa litaleta na ugonjwa wake.

Umeme ukikatika, mambo mawili huenda mbio. Samaki wengi ndani ya maji machache hupunguza oksijeni kwa saa chache, na chujio lililofungwa huishiwa hewa mapema zaidi, bakteria wake wakaanza kufa na maji yake kuoza. Pampu ndogo ya betri hutatua la kwanza. Isipokuwapo, maji huchotwa kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu mara kwa mara. Chujio la nje lililosimama kwa saa nyingi humwagwa maji yake kabla ya kuwashwa, yasirudi tangini. Chujio la sponji linaloendeshwa kwa hewa ndilo linalofaa zaidi mahali penye mgao wa umeme, kwa kuwa liko wazi ndani ya tangi, huongeza oksijeni wakati likichuja, na sponji yake hubaki katika maji yale yale ya samaki. Wakati wa giza hakuna kulisha.

Dharura ikipita, kazi ya kweli ni kupunguza kinachoingia na kuongeza kinachotoka. Chakula hupimwa kwa kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja ya wiki huachwa bila chakula. Mimea inayokua kwa kasi husaidia sana, kwa kuwa huchukua amonia moja kwa moja kabla hata ya nitrati. Ceratophyllum demersum inayoelea bila mizizi huweza kupandwa na yeyote. Tawi la mmea wa sebuleni wa Epipremnum, mizizi ikiwa ndani ya maji na majani nje, hufyonza nitrati mwaka mzima. Magugumaji nayo hufyonza kwa nguvu, lakini kuyafuga na kisha kuyatupa mtaroni ni kueneza balaa lililokwisha kuonekana Ziwa Victoria, na mfugaji mwenye busara huyaacha.

Kubadilisha maji kuna hesabu inayofaa kujulikana kuliko kanuni za kukariri. Amonia ya tangi la mfano, ikishageuzwa yote, huongeza zaidi kidogo ya miligramu 20 za nitrati kwa lita kila wiki. Robo ya maji ikibadilishwa kila wiki, nitrati hupanda kwa wiki nyingi hadi itulie kwenye miligramu 80 kabla ya kila badiliko, kwa sababu 20 ikigawanywa kwa 0.25 ni 80. Nusu ikibadilishwa, hutulia kwenye 40. Ndiyo maana mtu huweza kubadilisha maji kwa uaminifu kila Jumamosi na bado tangi likawa chafu: kiasi kilichotolewa hakilingani na kiasi kinachoingia. Kwa samaki wengi wa sebuleni nitrati ya chini ya miligramu 40 inavumilika, na chini ya 20 ni bora.

Samaki wa maziwa makuu ya Afrika Mashariki wana sura yao katika hesabu hii. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH karibu na 9, na samaki wanaosafirishwa kutoka Kigoma na Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani hufugwa katika maji yanayofanana nayo. Katika pH hiyo karibu nusu ya amonia ni sumu, kwa hiyo tangi la Tanganyika halina nafasi ya kusamehewa. Kinachowezekana katika lita 45 ni kundi dogo la Neolamprologus multifasciatus, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono na wasiofika hata sentimita 5. Mbuna wa Ziwa Nyasa, kwa upande wao, hujazwa kwa makusudi na wafugaji wazoefu ili ukali wao utawanyike kwa wengi. Jambo hilo hufanyika katika matangi ya lita mia kadhaa yenye machujio makubwa na mabadiliko ya nusu ya maji kila wiki. Kuliiga katika tangi dogo ni kuwapoteza samaki.

Hatimaye samaki wapunguzwe. Gapi hutenganishwa madume na majike, na wanaozidi hurudishwa dukani au hupewa mfugaji mwenye tangi kubwa. Samaki wa dhahabu huhamishiwa kwenye bwawa la uani lisilounganika na mto. Hakuna anayepaswa kumwagwa mtoni, ziwani au mtaroni. Sangara walioingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 walichangia kutoweka kwa mamia ya aina za furu, na samaki wa tangini hubeba pia vimelea ambavyo samaki wa asili hawajawahi kukutana navyo.

Kama samaki waliobaki bado ni wengi mno hujulikana kwa nitrati. Hupimwa mara baada ya kubadilisha maji na tena kabla ya badiliko linalofuata wiki moja baadaye. Tofauti yake ndiyo mzigo wa tangi. Maji mapya nayo hupimwa, kwani kisima kifupi kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kuwa na nitrati yake, na hapo kubadilisha maji hakutashusha kipimo chini ya kile cha kisima. Ongezeko la miligramu 10 kwa wiki hubebwa kwa kubadilisha robo ya maji. Ongezeko la 20 hudai nusu kila wiki bila kukosa. Likifika 30 au zaidi katika lita 45, samaki wengine hutolewa, wakubwa kwanza, na kipimo hurudiwa baada ya wiki mbili.